Treni Inayolipwa na Ploti: Kifurushi cha CLARA cha Australia Kikipimwa na Mnunuzi wa Nairobi

Yeyote aliyewahi kupewa kikaratasi cha matangazo katikati ya jiji, kile cha ploti ya 50 kwa 100, maji na stima karibu, dakika chache tu kutoka stesheni ya SGR, ataielewa CLARA upesi kuliko wahandisi wengi. Hii ni kampuni binafsi ya Australia, kirefu chake Consolidated Land and Rail Australia. Mwaka 2016 ilitangaza kwamba itajenga reli ya mwendo kasi kutoka Melbourne hadi Sydney kupitia Canberra, pamoja na miji 8 mipya njiani: 2 katika jimbo la Victoria na 6 New South Wales. Kifurushi kizima kilitajiwa bei ya kama dola bilioni 200 za Australia. Kivutio chake kikuu ni kwamba mlipakodi hatoi hela ya ujenzi. Ardhi ndiyo itakayoilipia reli.

Tunaipima kama bidhaa yoyote inayouzwa, kwa sababu hoja hiyo hiyo ya reli kujilipa kwa ardhi husikika hapa kwetu kila reli inapotajwa kuvuka Naivasha, na kila mji mpya unapopigiwa debe. Uamuzi wetu ndio huu: mkataba wa ardhi wa CLARA ni kazi safi, hesabu ya reli haifungi, na mwendo ulioahidiwa hauwezekani kwa treni ya magurudumu.

Tuanze na kilicho kizuri. Kampuni haikimbilii kununua shamba. Inamwendea mkulima na kuweka naye mkataba wa haki ya kununua baadaye, kwa bei inayokubaliwa leo, yaani bei ya shamba pamoja na nyongeza. Mkulima anaendelea kulima na kufuga. Mradi ukipata vibali, kampuni inalipa, ardhi inabadilishwa matumizi kuwa ya mji, inakatwa ploti na kuuzwa. Tofauti kati ya bei ya shamba na bei ya mji ndiyo inayolipia reli. Mradi ukifa, mkulima anabaki na shamba lake na kampuni haijafukia mabilioni kwenye malisho ya kondoo. Linganisha na tulivyozoea: ramani ya mradi inavuja, mabroka wanawahi, na serikali inakuja kulipa fidia kwa bei ambayo mradi wenyewe ndio ulioipandisha. Bunge letu lilipitisha sheria ya thamani ya ardhi mwaka 2019 ili kuzima moto huo huo.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya MTR ya Hong Kong imejenga njia zake kwa kuendeleza majumba juu ya stesheni. Tokyu ya Japani ilikuza vitongoji vizima kando ya reli zake nje ya Tokyo. Nairobi nayo ni mji wa reli: mwaka 1899 mataruma yalifika kwenye uwanda wenye kinamasi, ikajengwa karakana, na mengine tunayaona. Ila reli ile ililipwa na mlipakodi wa Uingereza, na faida ya ardhi ikaliwa na wengine kabisa. CLARA inataka aliyeleta reli ndiye avune. Hilo ni haki.

Sasa tushike kalamu.

Mwaka 2013 serikali ya shirikisho ya Australia ilitoa utafiti wa reli ya mwendo kasi kutoka Brisbane hadi Melbourne: kilomita 1,748, dola bilioni 114 kwa bei za 2012. Ukigawanya unapata kama dola milioni 65 kwa kila kilomita. CLARA ilichagua kuanza na kipande cha Melbourne hadi Shepparton, mji wa matunda na maziwa ulio kama kilomita 180 kaskazini. Zidisha, inakuja karibu dola bilioni 11.7. Wastani huo umebeba mahandaki ya Sydney ndani yake, kwa hiyo nchi tambarare ya Shepparton ingetoka nafuu zaidi. Kwa upande mwingine, kupenya hadi katikati ya Melbourne si nafuu, na bei za ujenzi zimepanda mno tangu 2012. Tuiache hapo hapo.

Tuseme kila ploti, baada ya kumlipa mkulima, kuchonga barabara, kuvuta maji, majitaka na umeme, inabakiza dola 100,000 za kulipia reli. Hapo tumekuwa wakarimu. Bilioni 11.7 ni sawa na ploti 117,000. Lakini reli hujengwa kwanza, ploti zikauzwa polepole baadaye, kwa hiyo hela inakopwa. Kwa riba ya asilimia 6, deni ambalo halijaguswa kwa miaka 10 linavimba kwa karibu asilimia 80, na ploti zinazohitajika zinakaribia 210,000. Kila nyumba ikikaliwa na watu 2.5, tunazungumzia zaidi ya watu nusu milioni. Eneo zima la Greater Shepparton halifiki watu 75,000. Australia yote siku hizi hukamilisha nyumba zisizozidi 200,000 kwa mwaka. Hata ukiikata gharama ya reli nusu, bado unahitaji ploti zaidi ya laki moja kwenye kipande kimoja, cha kwanza, kabla hujaigusa Canberra.

Mtego wenyewe umo ndani ya mpangilio wa muda. Bei ya ploti inapanda kwa sababu treni inakuja, na treni inakuja kwa sababu bei ya ploti imepanda. Mnunuzi wa kwanza anaombwa alipe bei ya mji wenye treni wakati anachokiona ni nyasi na bikoni. Hatalipa. Ploti za mwanzo zitatoka kwa bei ya chini, na ndizo hizo zilizotegemewa kulipa riba ya mwanzo. Hong Kong iliukwepa mtego huo kwa njia mbili: serikali huipa kampuni haki ya kuendeleza ardhi kwa bei ya kabla ya reli, na stesheni zinawekwa ndani ya jiji lililokwisha kujaa. Tokyu ilitoka Tokyo kwa vipande vifupi, kila kipande kikijaza abiria kabla ya kingine. Hakuna kati yao aliyeanza kilomita 180 nje.

Anayetaka kuona nini huharibika hata treni ikijengwa kweli aiangalie Taiwan. Reli yake ya mwendo kasi, kilomita 350 hivi, ilijengwa na kampuni binafsi na kufunguliwa mwaka 2007. Stesheni kadhaa ziliwekwa nje ya miji, kwenye mashamba, zikisubiri miji mipya ichipuke kuzizunguka. Ilichipuka kwa kusuasua. Kampuni ilikuwa na kibali cha kuiendesha reli kwa miaka 35 tu, maana yake gharama yote ya mahandaki na madaraja yanayoweza kudumu karne nzima ilibidi ifutwe vitabuni ndani ya muda huo, juu yake riba. Treni zilikuwa safi na zilifika kwa wakati. Vitabu ndivyo vilivyougua. Mwaka 2009 serikali ilishika usukani wa bodi, na mwaka 2015 kibali kikarefushwa hadi miaka 70 ili hesabu zipumue. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mtu anayekuletea reli ya binafsi ni kibali chake ni cha miaka mingapi. Rangi ya viti mtaizungumza baadaye.

Mwendo ndio sehemu tuliyoipa alama ya chini kabisa. CLARA ilisema Sydney hadi Melbourne ni chini ya saa 2. Kwa njia iliyochorwa kwenye utafiti wa 2013, umbali huo ni kilomita 820 hivi, kwa hiyo treni ingehitaji wastani wa zaidi ya kilomita 410 kwa saa kutoka mlango hadi mlango. Treni ya magurudumu inayokimbia 350 haiwezi kuutoa wastani huo. Utafiti wenyewe uliweka saa 2 na dakika 44. Inabaki treni ya sumaku, ile inayoelea. Ya Shanghai ilifikia 430 kwenye huduma ya kila siku, lakini njia yake ni kilomita 30 tu. Japani inajenga ya Tokyo hadi Nagoya, kilomita 286, karibu yote ndani ya mahandaki. Lengo la kuifungua 2027 limeshaachwa na gharama imezidi yen trilioni 7. Na inayoijenga ni kampuni yenye Shinkansen ya Tokaido mfukoni, mojawapo ya reli zenye faida nono zaidi duniani.

Halafu kuna jambo ambalo michoro ya rangi haionyeshi. Treni ya kasi ikisimama, kwa kupunguza mwendo, kushusha watu na kushika kasi tena, inapoteza kama dakika 5 hadi 7. Miji 8 mipya, ikisimama kote, inakula dakika 40 hadi 56. Kwa hiyo muda unaotangazwa ni wa treni isiyosimama, na treni isiyosimama haimsaidii mtu aliyenunua ploti kwenye mji wa tano. Yeye atapata treni ya kusimama, labda moja kwa saa. Abiria wa SGR analijua hili bila kufundishwa: treni ya moja kwa moja ya Nairobi hadi Mombasa ni kama saa 5, na haimfai mtu wa Kibwezi hata kidogo. Mtu wa Kibwezi anasubiri ile ya asubuhi inayopitia kaunti, ikisimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani.

Nauli nayo ina mshindani ambaye hajali faida. Treni ya V/Line ya serikali ya jimbo hutoka Shepparton hadi Melbourne kwa saa 2 na nusu hivi. Ni polepole, lakini tangu Machi 2023 nauli yake ya siku nzima imewekewa kikomo sawa na ya ndani ya jiji, siku hizi kama dola 11. Kampuni yenye deni la mabilioni itamtoza abiria kiasi gani ashawishike kuiacha hiyo?

Kuhusu udongo, kuna kanuni moja inayowapa wenye mashamba nguvu kuliko wanavyojua. Reli ya kilomita 350 kwa saa inahitaji kona yenye nusu kipenyo cha kama kilomita 7. Haiwezi kumkwepa mtu mkaidi kwa kupinda kidogo. Kumzunguka ni kuihamisha njia kwa makumi ya kilomita. SGR yetu, iliyosanifiwa kwa 120, ina nafasi zaidi ya kujipinda, na hata hivyo fidia zake zilileta kesi za kutosha. Dawa ni kuweka mikataba ya haki ya kununua kwenye njia mbili au tatu sambamba kabla ya kutangaza lolote, ili hakuna shamba moja linaloweza kuuteka mradi. CLARA ilitangaza ikiwa bado inakusanya sahihi. Hapo ilijikwaa.

Miji mipya Australia inayo historia, na si ya kuchekesha kwa aliyeilipia. Albury na Wodonga, miji pacha kwenye mto Murray, katikati ya njia hiyo hiyo ya Sydney na Melbourne, iliteuliwa na serikali ya waziri mkuu Whitlam miaka ya 1970 ifikie watu 300,000 kufikia mwaka 2000. Ilipewa shirika lake, ardhi na ofisi za serikali. Leo kwa pamoja ina kama watu 100,000. Monarto, karibu na Adelaide, mambo yalikuwa mabaya zaidi: jimbo lilinunua mashamba, likapanda miti, kisha likafuta mpango. Sasa ni mbuga ya wanyama yenye twiga na faru, wale wale anaowaona abiria wa SGR ya Suswa akivuka daraja la mbugani. Kinachokwamisha miji hii ni ajira; nyumba huwa zipo. Treni ya kasi inaweza kumpeleka mkazi kazini Melbourne, lakini hapo umejenga kitongoji cha kulala, na faida ya ofisi, maduka na kodi inabaki Melbourne.

Maji pia. Shepparton na sehemu kubwa ya njia imo ndani ya bonde la Murray na Darling, ambako maji yamewekewa kikomo na haki za kuyatumia huuzwa na kununuliwa. Mji wa nusu milioni utalazimika kununua haki hizo kutoka kwa wakulima wa kumwagilia, yaani majirani wa wale wale waliouza mashamba. Konza, mji wetu mpya, ekari zake 5,000 zilizozinduliwa 2013, imetufundisha kwamba barabara na mitaro yaweza kukamilika huku mji ukiendelea kulitazamia bwawa la Thwake.

Wawekezaji binafsi walishajaribu reli hii mara mbili. Mradi wa VFT (Very Fast Train), uliopendekezwa 1984 na Paul Wild aliyekuwa mkuu wa shirika la sayansi la CSIRO, ulivutia kampuni kubwa kama BHP, Elders na TNT pamoja na Kumagai Gumi ya Japani, ukafa 1991 serikali ilipokataa kuulegezea kodi. Speedrail ilichaguliwa 1998 kwa njia ya Sydney hadi Canberra, kwa sharti kwamba haitamgharimu mlipakodi. Mwishoni mwa 2000 ikafutwa kwa sababu isingewezekana bila yeye. CLARA nayo, iliyotangaza kutohitaji hela ya umma, ilipewa dola milioni 8 za serikali mwaka 2018 kwa ajili ya utafiti wa kipande cha Shepparton. Hakuna taruma lililolazwa. Tangu Juni 2023 kuna mamlaka ya serikali ya reli ya mwendo kasi, na imeanza na Sydney hadi Newcastle, kipande kifupi kinachotoka kwenye jiji lililokwisha kujaa.

Kwa ndugu zetu wanaouliza kama Shepparton ni pa kununua nyumba: watu wanahamia huko, Wakenya na Waafrika wengine wakiwemo, lakini kinachowavuta wengi ni viza ya kikanda ya namba 491, inayomtaka mtu aishi na kufanya kazi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, pamoja na kazi za hospitali na viwanda vya matunda. Nunua kwa sababu hizo ukipenda. Usilipe hata senti kwa ajili ya treni ya kasi. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tukiuchukua mkataba wa CLARA peke yake tuulete Emali au Narok, lazima ushonwe upya. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, muamala wowote wa shamba unahitaji kibali cha bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa, la sivyo mkataba ni batili. Haki ya kununua ya miaka 10 iliyolala kwenye droo bila kibali haina meno. Kwa hiyo kiombewe kibali mkataba wenyewe, siyo mauzo ya baadaye tu. Kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia haihesabiwi raia chini ya kifungu cha 65 cha Katiba. Haiwezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Mume au mke wa mwenye shamba aweke sahihi ya ridhaa siku hiyo hiyo. Kwenye shamba la familia ambalo mirathi haijamalizika, usianze kabisa.

Mnunuzi aweke zuio kwenye hatimiliki katika msajili wa ardhi, ili shamba lisiuzwe kwa mwingine mgongoni mwake. Mkulima naye ahakikishe mambo manne yameandikwa: ada ya kushikilia shamba, inayolipwa kila mwaka na isiyorudishwa; bei inayopanda pamoja na mfumuko wa bei, isibaki ya mwaka wa sahihi; ekari kadhaa, au ploti kadhaa zilizopimwa, zinazobaki zake ndani ya mji ukijengwa; na tarehe ya mwisho, ambapo zuio linaondolewa bila yeye kwenda mahakamani. Kwenye hizo ploti asidanganywe na hesabu ya ekari moja kutoa nane za 50 kwa 100. Ukitoa barabara, mitaro na uwanja wa umma, ambavyo kwenye mji uliopangwa vizuri hula kama theluthi, ekari inatoa tano, sita ikibahatika.